Kilo Sitini Nyuma ya Pazia

Biskuti ya tano ilikuwa mdomoni, ya sita ilikuwa mkononi, na njaa haikuwepo kabisa.

Mama Mizani alikula amesimama, mlango wa kibanda ameupa mgongo, anatafuna upesi upesi wala hasikii utamu. Paketi ilipokwisha aliikunja mpaka ikatoshea kiganjani, akaizamisha chini kabisa ya pipa la taka, chini ya karatasi, mfagizi asije akaiona. Akapangusa makombo kifuani, akarudi kwenye kiti chake, kile kiti ambacho mwaka juzi kilimtosha vizuri na sasa kinalia kila anapogeuka.

Jina la Mama Mizani alipewa na madereva, likamkaa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mizani ya malori kwenye geti la kiwanda cha saruji. Lori likija tupu linapanda kwenye mizani, yeye anasoma namba nyekundu kwenye kioo chake, anaandika. Likitoka limejaa linapimwa tena. Tofauti ndiyo mzigo. Ni kazi rahisi ukisimuliwa, lakini inataka mtu asiyedanganyika, na Mama Mizani hakuwahi kudanganywa hata kwa kilo ishirini.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, anayejua uzito wa kila lori linalopita pale, mwenyewe hakuwa amekanyaga mizani ya aina yoyote kwa mwaka mzima. Aliogopa. Gauni za kazini zilimbana, akanunua nyingine, nazo zikambana. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini katikati ya mazungumzo, jasho likamtiririka mbele ya wanaume, naye akasingizia bati la kibanda. Usingizi ulimkimbia. Aliweza kulia kwa sababu kijiko kimeanguka. Na kila alipojisikia hivyo mkono ulikwenda wenyewe kwenye droo, kwenye karanga, kwenye mkate, kwenye biskuti, na alipomaliza alijichukia zaidi ya alivyojichukia kabla hajaanza.

Leo droo ilikuwa tupu. Ile ilikuwa paketi ya mwisho, na hakuwa amenunua nyingine. Funguo zote za kibanda alikuwa amezifunga vikaratasi vyenye maelezo, huu wa kabati, huu wa choo. Kwenye daftari jipya alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri uzito wa malori yote yakiwa tupu, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika: Kwa atakayekuja. Mkuu wake alipouliza hayo yote ni ya nini, alijibu, "Mpangilio tu, bosi." Bosi akamsifu.

Kesho ilikuwa siku yake ya mapumziko. Binti yao alikuwa chuoni, mumewe angekuwa safarini siku tatu. Nyumba ingekuwa kimya tangu asubuhi, na Mama Mizani alikuwa ameifikiria hiyo kesho kuliko inavyofaa mtu kuifikiria siku moja ya kawaida.

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kujua breki.

"Wifi, za kazi?"

"Nzuri. Za huko?"

"Huku kwema, ila nina jambo linaniwasha. Nimemwona kaka yangu asubuhi hii, kituo cha mabasi."

"Asubuhi hii alikuwa gereji."

"Ndicho ninachokwambia, hakuwa gereji. Alikuwa kituo cha mabasi, kabeba begi la kike. Jekundu. Na mwenye begi anamfuata nyuma, mwembamba hivi, kajitanda kichwani, sura sikuiona. Nikamwita kaka, akajifanya hamnazo. Akampandisha kwenye lori huyo, akaondoka."

"Labda umemfananisha."

"Kaka yangu wa tumbo moja nimfananishe? Wifi, mimi sikufichi. Mama alishakuambia na mimi nilishakuambia. Umejiachia. Mtu unanenepa, hucheki, huvai, chumbani hulali. Ikitokea la kutokea tusilaumiane."

Mama Mizani aliilaza simu kifudifudi juu ya meza. Hakulia. Kwa mtu ambaye jana alililia kijiko, hilo peke yake lilikuwa la kutisha. Lilimjia wazo moja tu, tulivu, la taratibu: vizuri basi, hatabaki mpweke.

Saa nane na robo lori la bluu lilikata kona ya geti.

Dereva wake, yaani mumewe, walimwita Taratibu, kwa kuwa tangu apewe leseni hajawahi kulipita gari la mtu. Wenzake walimtania kwamba akibeba maiti, arobaini itafanyika njiani. Na kwa utaratibu huo huo, kila safari alijaza tangi kwenye kituo cha mafuta kinachotazamana na geti, ndipo apande kwenye mizani, yeye peke yake kwenye kabini. Kwa hiyo lori lake tupu lilikuwa na namba moja, miaka mitatu mfululizo: elfu kumi na nne, mia sita na arobaini. Mkewe aliijua namba hiyo kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake.

Namba nyekundu zilicheza, zikapanda, zikatulia. Elfu kumi na nne na mia saba.

Alikifuta kioo kwa kiganja. Namba haikubadilika.

Kilo sitini.

Karani mwingine angeziacha zipite. Yeye alijua zina maana gani kazini: dereva mwizi hupandisha mtu au mawe lori likiwa tupu, akishayashusha huko ndani anatoka na mfuko mzima wa saruji ambao mizani haiuoni. Ndiyo maana ukutani kuna maandishi makubwa, DEREVA PEKE YAKE, na anayekamatwa hafukuzwi kesho, anafukuzwa leo.

Lakini si hilo lililompasua moyo. Miaka ishirini na tano nyuma, dereva mmoja kijana, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata, alimwambia karani mgeni aliyekuwa mzuri na mwenye maringo, "Hebu panda hapa nione kama mizani yenu inasema kweli." Karani akapanda kabini akicheka, mwenzake kibandani akasoma kwa sauti: zimeongezeka sitini! Tangu siku hiyo Taratibu hakumwita jina lake. Alimwita Sitini. Sitini wangu, nimefika salama. Sitini wangu, nimekukumbuka. Ilikuwa miezi minane sasa hajamwita hivyo, na angemwitaje, mwanamke ambaye kiti kinamlilia?

Basi amepata sitini nyingine. Amemleta mpaka hapa.

Kwa kawaida fomu hupokelewa dirishani. Leo Mama Mizani alifungua mlango, akashuka ngazi mbili za kibanda, akatembea juu ya bamba la chuma la mizani hadi mlango wa dereva. Jua lilikuwa kali, na joto lake mwenyewe likaamka kifuani kulipokea.

Taratibu alishusha kioo. Ndevu zilikuwa zimeota mvi ambazo mkewe hakukumbuka kuziona. Macho yao yakakutana, na yeye ndiye aliyeyakwepa kwanza, mwanamke, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Mke wangu."

"Fomu."

Akampa. Vidole vikagusana. Mama Mizani akavivuta vyake haraka.

"Lori lako lina kilo sitini ambazo si zako."

"Najua."

Alitegemea akane. Angekana, wangegombana kama watu. Hilo neno moja lilimkata maini.

"Unajua utafukuzwa kazi?"

"Najua."

"Ni nani huyo?"

"Panda uone."

"Sipandi. Mwambie ashuke."

"Mke wangu, nisikilize kwanza..."

"Usiniite mke wangu juu ya mizani yangu!"

Lori la nyuma lilipiga honi. Mlinzi wa geti akachungulia kutoka upande wa pili. "Mama Mizani, kuna tatizo?"

"Hakuna. Mwambie asubiri." Kisha akashusha sauti. "Dada yangu aliniambia. Kabla hujanioa aliniambia, dereva ana pazia nyuma ya kiti, na nyuma ya pazia hakukosi mtu. Nikamwona mbaya. Nikamkana dada yangu kwa ajili yako. Harusini hakuja, kwangu hajakanyaga miaka ishirini na nne, tunasalimiana misibani tu. Leo unamleta huyo mtu wako mpaka kazini kwangu, ili iweje? Ili nimpime?"

"Ndiyo," alisema Taratibu. "Ili umpime."

"Huna haya wewe."

"Haya ninayo. Hofu imeizidi." Mikono yake mikubwa ilikuwa imeukamata usukani ingawa lori lilikuwa limesimama. "Miezi minane unalala sebuleni. Nikikugusa unaruka. Nikikuuliza unanijibu ndiyo, hapana, sawa. Uso wangu huutazami kabisa. Nikakaa nikajiuliza, kitu gani changu ambacho mke wangu bado anakitazama? Nikaona ni namba za lori. Hizo huziachi. Nikajua hizi kilo utaziona, na utatoka nje, na utanitazama. Na umenitazama."

Mama Mizani alitaka kutukana, tusi likapotea. Lililotoka ni jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema kwa mtu.

"Nalala sebuleni kwa sababu ya joto. Nalowa shuka lote, kila siku. Sikutaka ujue." Akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Na sikutaka mkono wako ufike hapa. Mimi si Sitini tena, Taratibu. Nenda na huyo. Wala sitagombana. Kuanzia kesho huna haja ya kunifikiria."

"Kesho kuna nini?" aliuliza mumewe, na uso wake ukabadilika rangi.

Kabla hajajibiwa, pazia la nyuma ya kiti, kile kipande cha kitambaa cha kijani kinachoficha kitanda cha dereva, likavutwa.

"Wewe mtoto, panda humu ndani," ilisema sauti kavu ya mwanamke. "Magoti yananiuma na pazia hili linanuka dizeli."

Sauti hiyo angeitambua hata angekuwa usingizini. Alishika chuma, akaweka mguu kwenye kikanyagio, akajivuta juu kwa shida, akihema. Nyuma ya kiti, miguu ameikunja, begi jekundu mapajani, alikuwa amekaa mama mwembamba wa miaka sitini na kitu, kichwani amejitanda kitambaa, nywele zilizochungulia zimekuwa nyeupe zote.

"Dada?" Halafu, kwa mazoea ya utotoni ambayo hata ugomvi hauyaui, "Shikamoo dada."

"Marahaba." Dada alimwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni bila kuficha. "Nilisema nyuma ya pazia la dereva hakukosi mtu. Sikujua kama ni mimi."

Taratibu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa na kilio, akashukia mlango wa pili na kuwaachia kabini. Mama Mizani naye karibu acheke. Lakini dada hakuwa amekuja kwa utani, na alipoushika mkono wa mdogo wake, mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mumeo alinipigia Jumapili. Namba kapewa na mwanao. Nilitaka kumkatia simu. Akasema, shemeji, mdogo wako anakula amesimama, mlango ameupa mgongo. Nikakaa chini. Akasema umempa mwanao saa yako na mkufu wa harusi. Viatu vyako vizuri umempa jirani. Nikamwambia, nakuja, na usimwambie, maana akijua atajifungia."

"Vilikuwa vinanibana tu, dada."

"Mama naye alisema vinambana."

Nje honi ilipigwa tena, ndefu.

"Mama gani?" aliuliza Mama Mizani, ingawa walikuwa na mama mmoja tu, na alifariki yeye akiwa na miaka kumi na saba, shule ya bweni, akaitwa ofisini kuambiwa kwamba mama ameteleza mtoni.

"Mama yetu hakuteleza."

"Dada, usiseme hivyo."

"Nilikuwepo nyumbani. Miezi kadhaa alikuwa halali, jasho linamtoka, anafoka, analia. Akanenepa, watu wakamcheka, na baba naye akacheka. Anakula jikoni amesimama, mgongo kwa mlango, tukiingia anaficha. Halafu asubuhi moja akaamka ametulia. Akafagia nyumba nzima. Akapanga makopo yote jikoni, akayabandika vikaratasi, hili la chumvi, hili la sukari. Nikadhani amepona. Nilifurahi, unanisikia? Nilimwacha peke yake nikaenda zangu sokoni nikiimba." Dada alilivuta begi karibu na kifua. "Baba akatuapisha tuseme aliteleza. Alikuwa na miaka hamsini na moja."

Mama Mizani alikuwa ametimiza hamsini na moja mwezi uliopita.

Kupitia kioo cha mbele aliweza kuona ndani ya kibanda chake mwenyewe, meza iliyopangwa, kiti kitupu, na funguo zikining'inia msumarini na vikaratasi vyao vyeupe. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakusikia joto. Alisikia baridi, kutoka kwenye nyayo ikipanda.

"Na mimi lilinikamata," aliendelea dada. "Hedhi ilipokoma tu. Yako imekoma lini?"

"Huu ni mwezi wa kumi na moja sijaiona."

"Kula, kulia, joto, kuchukia hata mwangaza wa dirishani. Nikajua limenijia kama lilivyomjia mama. Nikaenda hospitali natetemeka. Daktari akaniambia lina jina, ni ugonjwa, linaitwa sonona, linawapata wengi umri huu, wala halikuja kwa sababu mimi ni mvivu au mlafi. Nikapewa dawa. Nikawa nakwenda kuongea na mtu kila wiki, mwaka mzima, mpaka nikaanza kusikia ladha ya chai. Miaka yote hiyo najua wewe unafuata nyuma yangu, umri unakuja, na sikukupigia simu hata siku moja kukuonya. Kwa sababu ya harusi. Kwa sababu ya kiburi." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Ningekuzika nikiwa nimenuna."

Mama Mizani aliinamisha kichwa. Alitaka kusema pole dada, alitaka kusema nisamehe; badala yake akaubana mkono wa dada.

"Sasa nakuuliza mara moja," alisema dada. "Wewe ni mtu wa namba, nijibu sawasawa. Kesho umepanga nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Sina mpango, nitafua nguo. Ungekuwa uongo mzuri, bosi angeusifu. Mama Mizani aligeuza uso kuelekea dirishani ili aweze kuusema, na pale chini akamwona mumewe. Taratibu alikuwa amesimama juu ya bamba la chuma, mikono miwili imeshika kitasa cha mlango, uso ameuinua, hapepesi, kama dereva anayesubiri namba isomwe. Alikuwa amekonda. Vipi hakuona kwamba mtu huyu amekonda? Miezi minane alipima kila kitu chake isipokuwa yeye.

"Kesho," alisema, na sauti ikawa ndogo mno. "Kesho nisiachwe peke yangu."

Dada alifumba macho.

"Taratibu. Umesikia?" Sasa alikuwa analia waziwazi, kwa kwikwi, jasho na machozi pamoja. "Nisiachwe peke yangu nyumbani."

"Nimesikia." Alipanda kikanyagio, akapitisha mkono dirishani, akazima injini, akauchomoa ufunguo. "Safari itapata dereva mwingine. Na wakinifukuza, wanifukuze. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, wote watatu."

"Na keshokutwa?" aliuliza dada.

"Keshokutwa sijui," alisema Mama Mizani. "Sitaki kukudanganya, dada. Sijui."

"Hilo nalo ni jibu. Keshokutwa nitakuuliza tena."

Taratibu aliuingiza mkono wake kwa mkewe, taratibu, kama afanyavyo kila kitu. Safari hii mkewe hakuruka. Mkono ukapita kiunoni, ukafika mbele, ukatua juu ya lile tumbo lililofichwa miezi minane, ukakaa hapo.

"Sitini wangu," alinong'ona.

"Usinidanganye."

"Sikuwahi kuhesabu baada ya siku ile."

Nyuma yao malori yalikuwa matatu sasa, honi zimekuwa kelele moja. Mlinzi wa geti alikuwa ameingia kibandani, amekiinamia kioo, amechanganyikiwa.

"Mama Mizani! Namba imepanda tena! Niiandike au niifute?"

Ndani ya namba hiyo alikuwemo yeye, na dada yake, na mume aliyening'inia mlangoni. Mwaka mzima alikuwa ameikimbia mizani. Alitazama vile vikaratasi vyeupe kwenye funguo, akavitazama kwa muda mrefu, na mkono wa dada ukamkaza kana kwamba umeona anakotazama.

"Isome," alisema Mama Mizani. Kisha kwa nguvu zaidi, ili ifike kibandani, "Isome kwa sauti! Yote!"

Mlinzi akaisoma, na wao watatu wakaisikiliza mpaka mwisho bila mtu kushuka.